Kahawa ya kupika nyumbani: kweli ni ghali, au hatujawahi kupiga hesabu?

Wakuu habari zenu. Wiki iliyopita kazini tulibishana saa nzima ya chakula cha mchana, mwenzetu mmoja alisema kahawa ni kinywaji cha wenye hela, mtu wa mshahara wa kawaida anywe chai ya rangi, na akitamani kahawa aende kijiweni akanywe kikombe cha shilingi 100 arudi zake kulala. Karibu wote wakamuunga mkono. Mimi iliniuma, tena sio kidogo, kwa sababu tunaongea hivi tukiwa Tanzania, nchi yenye kahawa Kilimanjaro, Arusha, Kagera, Mbozi, Mbinga, Kigoma, sio nchi inayoagiza kahawa kwa meli. Nikaamua nisibishe kwa mdomo tena. Nilikuwa na daftari nililokuwa naandikia matumizi ya kahawa nyumbani kwangu tangu mwanzo wa mwaka, na mizani ndogo ya jikoni ile ya kupimia unga wa keki ya mke wangu, kwahiyo nnachoweka hapa ni bei nilizolipa mimi, Dar, kwenye maduka ya mtaani na Kariakoo, kama kwako ni tofauti weka za kwako tuone.

Nyumbani tunaokunywa ni watatu, mimi, mke wangu na mama. Kila asubuhi tunajaza chupa ya chai ya lita moja, inatoa vikombe vitano vya kawaida. Hiyo ndio lita nnayoipigia hesabu.

Tulianza na ile ya kopo, ya kuyeyuka kwenye maji ya moto. Kopo la gramu 100 nilinunua 7,500. Ukiweka kijiko cha gramu 2 kila kikombe unapaswa kupata vikombe 50, yaani shilingi 150 kimoja, ila mkono wa binadamu sio mizani, mgeni akija anajaza kijiko kinafanya mlima, mke wangu anasema haijakolea anaongeza, tukapata vikombe 38. Hiyo ni karibu 197 kwa kikombe.

Nikasema ngoja ninunue ya kusaga, ya kuchemsha, kahawa yenyewe. Pakiti ya gramu 250 supamaketi 9,500. Lita moja tunaweka gramu 40 (wanaojua kahawa wanapendekeza 55 mpaka 60 kwa lita, sisi 40 inatutosha), kwahiyo pakiti inaisha ndani ya siku sita, vikombe 31, shilingi 306 kwa kikombe. Hapa ndipo nilipomuelewa yule mwenzetu wa kazini. Kwa bei hii kahawa ya kusaga ya hapahapa nchini inakuwa ghali kuliko ya kopo ambayo imepitia kiwandani ikapikwa, ikakaushwa, ikafanywa unga unaoyeyuka. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea.

Sasa ya tatu ndio iliyonifanya niandike. Kariakoo kuna maduka ya viungo yanauza buni mbichi kwa kilo, wateja wao wakubwa ni wauza kahawa wa mtaani, wale wa birika. Nikanunua kilo moja ya buni za aina ya robusta, 12,000. Ukikaanga, kahawa inapungua uzito kwa sababu maji yanatoka, kilo yangu ilibaki gramu 820. Ukigawa kwa gramu 40 unapata lita 20 na ushee, vikombe 102, kikombe ni 118. Ongeza gesi ya kukaangia, kama 800 kwa kilo nzima, inakuwa 125 au 126.

Kwahiyo jiko lile lile, watu wale wale, chupa ile ile: 306, 197, 125. Kwa mwezi wa siku 30 pamoja na umeme wa kuchemshia ni kama 46,700 kwa ya pakiti, 30,600 kwa ya kopo, na 20,000 kwa ya kukaanga mwenyewe. Tofauti ya 26,700 kwa nyumba kama yangu ni ada ya tuisheni ya mtoto.

Na umeme wenyewe nauzungumzia kwa sababu naona watu wanauogopa bure. Luku ya 10,000 inakupa uniti 28, yaani uniti moja ni kama 357. Birika la umeme likichemsha lita moja linakula sehemu moja ya kumi ya uniti, shilingi 36 hivi. Walio kwenye tarifu ya matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, kwao ni shilingi 12 tu. Gesi, kwa mtungi wa kilo 15 nilioujaza kwa 58,000, lita moja ya kuchemsha kwenye sufuria na kuiacha itokote kidogo inakula gramu 20 hivi, karibu 80. Mkaa ndio unaoua, ukiwasha jiko la mkaa kwa ajili ya kahawa peke yake umeshachoma mkaa wa 500 na bado makaa yanawaka unatafuta cha kupika juu yake. Halafu kuna watu wanasema "birika la umeme linakula luku" huku kila asubuhi wanawasha mkaa. Pimeni jamani, birika linakunywa nguvu nyingi ila kwa dakika nne tu linazima.

Swali langu kwenu basi, na nataka tujadili kwa uwazi: kama buni ni 12 kwa gramu ikiwa mbichi, na 15 hivi ikishakaangwa nyumbani, kwanini ikifika kwenye shelfu imesagwa inakuwa 38? Na je, vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) vikaange vyenyewe na kutuuzia humu ndani kwa pakiti ndogo za bei ya mtu wa kawaida, au kahawa yote nzuri iendelee kwenda mnadani itafute dola, sisi tuliobaki tunywe chai? Mimi msimamo wangu ni vyama vikaange. Sababu zangu nitazieleza nikijibu hoja zenu.

*

Nimesoma michango, asanteni sana, nianze na iliyorudiwa na wengi kuliko zote: "kijiweni kikombe shilingi 100, unajisumbua na makaango ya nini."

Mimi kijiweni naenda na nitaendelea kwenda. Mzee wa kijiwe chetu anakuja baada ya magharibi na birika lake limekalia kijiko cha mkaa, mkono mwingine vikombe anavigonganisha kling kling unamsikia kabla hujamuona, anasuuza kikombe kwenye ndoo, anamimina kutoka juu bila kumwaga hata tone, pembeni kashata za karanga. Ile kahawa yake na tangawizi sijaweza kuifikia nyumbani mpaka leo. Lakini tuzungumze gharama. Nilimuomba kikombe nikakipima, ujazo wake ni mililita 60. Mimi kwa jioni nakunywa vinne, mia nne. Siku 30 ni 12,000, yaani bei ya kilo nzima ya buni, kwa mtu mmoja, mililita 240 kwa siku. Sikatai kahawa yake ni nzito kuliko yangu, ukipima kwa ukali tofauti inapungua sana, na sisemi anatupiga, pale unalipia na kukaa, habari za mjini, ubishi wa Simba na Yanga, nani kafiwa na nani kaoa. Wazanzibari waliozoea kukaa pale Jaws Corner wananielewa. Ninachosema ni kwamba kijiwe sio jibu la mke wangu na mama yangu. Wanawake wangapi mnawaona wamekaa kwenye vijiwe vya kahawa usiku? Ukimwambia mtu "kahawa iko kijiweni" umeshaitoa nusu ya nyumba.

Dada aliyesema chai bado ni rahisi: kweli kabisa, hapo sina ubishi. Majani ya chai robo kilo 3,500, lita moja inataka gramu 7, kikombe kinakuja shilingi 20. Kahawa haitafika huko hata tufanye nini, kwa sababu ya chai unaweka gramu moja na nusu kwa kikombe na ya kahawa unaweka nane. Lakini angalia unachoweka juu yake. Maziwa fresh lita 2,400, nusu kikombe ni 240, yaani kwenye kikombe cha kahawa ya maziwa, maziwa ni ghali karibu mara mbili ya kahawa niliyokaanga. Sukari kijiko viwili vya gramu tano tano ni 30 kwa bei ya 3,000 kilo, na wote mnakumbuka mwanzoni mwa 2024 sukari ilivyoadimika mvua zilipozuia viwanda. Kwahiyo familia inayokunywa chai ya maziwa kila asubuhi na kusema kahawa ni ghali, hiyo familia inatumia hela nyingi kuliko mimi nnayekunywa kahawa chungu. Ndio maana watu wa pwani, Lamu na Mombasa na Zanzibar, kahawa yao ni chungu, tangawizi au iliki, utamu unaupata kwenye tende au kashata au halua pembeni.

Kuhusu muda, aliyeuliza "na muda wako unauweka wapi kwenye hesabu", hoja nzuri. Nakaanga Jumapili tu, robo kilo au nusu. Kaango zito la chuma, moto wa kati, na mwiko hautoki mkononi. Dakika tano za kwanza hamna kitu, buni zinabadilika kutoka kijani kuwa njano, zinanuka kama majani makavu. Halafu rangi ya mdalasini. Halafu zinaanza kulia, pa, pa, kama bisi ila kwa sauti ya chini, na hapo ndio usiongee na simu, maana kutoka kulia mpaka kuungua ni dakika chache tu. Namwaga kwenye ungo, napepeta nje pale uani, vile vigamba vyembamba vinaruka na upepo, jirani anauliza leo kuna nini huko. Mara ya kwanza niliunguza, ilikuwa nyeusi tii na chungu ya majivu, robo kilo nzima ya 3,000 nikaimwaga. Mara ya pili mama mkwe alikuwepo, yeye ni wa Bukoba, akakaa kwenye kigoda akaniambia toa sasa hivi, nikamwambia mama bado haijawa nyeusi, akasema "itaendelea kuiva kwenye ungo, toa". Nikatoa. Hiyo ndio kahawa bora niliyowahi kunywa kwangu. Kusaga natumia kinu na mchi, kiasi cha siku mbili tatu, dakika kumi.

Kwa ambao hawajui, kwao Bukoba kuna na ile ya kutafuna kabisa, amwani, matunda ya robusta yanachemshwa na majani ya viungo yanakaushwa, mgeni akiingia anapewa kabla ya chochote. Haihitaji luku wala gesi asubuhi. Wahaya walikuwa na kahawa yao kabla ya mkoloni kufika, sisi wengine tuliletewa kama zao la kuuza, mbegu za arabika, ile aina nyingine ya kahawa, zilikuja Kilema na wamisionari wa Kikatoliki miaka ya 1890, na nadhani tofauti hiyo bado inaonekana kwenye vikombe vyetu.

Hapa niwaambie habari ya mama yangu maana ndio kiini cha maumivu yangu. Mama amezaliwa Rombo, kwenye kihamba, migomba juu mibuni chini. Wakati wa msimu walikuwa wanachuma asubuhi, jioni wanamenya kwa mashine ya mkono, wanaosha, wanaanika kwenye chanja, watoto wanakaa kuchagua zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, nzuri zinaingia kwenye gunia zinakwenda chamani. Nilimuuliza, mama mlikuwa mnakunywa? Akasema "tulikuwa tunakunywa chai, kahawa ilikuwa ada ya shule". Mwaka huu ana zaidi ya miaka sabini, na kahawa ya buni iliyokaangwa nyumbani ameanza kuinywa kwangu, Dar es Salaam, kwa buni za Kagera. Alipoionja mara ya kwanza alinyamaza kidogo akasema kumbe ndio harufu yake hii.

*

Sasa nije kwa mkuu aliyeandika kutoka Karagwe, yeye ni mkulima na alikuja na moto: "mnataka bei ishuke ili mnywe kwa raha mjini, sisi tumesubiri miaka yote bei ipande, imepanda sasa mnalia."

Kaka, nakuelewa na nakuheshimu, na naomba unisome vizuri. Mimi sijaomba mkulima alipwe pungufu hata shilingi moja. Februari 2025 arabika kule soko la New York ilivuka dola 4 kwa ratili, karibu dola 9 kwa kilo, haijawahi kutokea, kwa sababu ya ukame Brazil, na Vietnam nako robusta ilikuwa imepigwa na ukame kabla ya hapo. Hiyo ni neema kwenu na mnastahili. Tofauti nnayoilalamikia mimi iko kati ya shilingi 12 ya gramu mbichi na 38 ya gramu ya pakiti, na katikati ya hapo hamna jembe la mkulima, kuna kukaanga, kusaga, pakiti, lori, shelfu na faida ya kila mmoja. Vyote hivyo ni kazi na vinalipwa, sawa. Ila kazi ya kukaanga chama chako kinaweza kuifanya, na hiyo pesa ikabaki Karagwe.

Lakini bei ya dunia ina tabia moja, haikai. Wazee wa Kilimanjaro waulizeni. Mpaka 1989 kulikuwa na mkataba wa kimataifa uliogawa mgao wa kila nchi ili bei isianguke, Julai 1989 mfumo wa mgao ukavunjika, bei zikashuka, na kufika 2001 wastani wa bei ya dunia ulikuwa senti 45 hivi za dola kwa ratili. Senti 45! Linganisha na dola 4. Watu waling'oa mibuni wakapanda migomba na nyanya, wengine waliiacha ikawa pori. KNCU, ule ushirika mkuu wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ambayo ilianzishwa 1933 na ilikuwa fahari ya Wachaga nayo ikayumba. Sasa wakati ule laiti Watanzania wangekuwa wanakunywa kahawa majumbani kama wanavyokunywa chai, mkulima angekuwa na mnunuzi wa pili. Angekosa bei ya dola 4, ndio, ila asingeshuka mpaka kung'oa.

Angalieni Ethiopia. Kule karibu nusu ya kahawa yote wanayolima wanainywa wenyewe. Mwanamke anakaa na kijiko cha mkaa sebuleni, anakaanga buni mbele ya wageni, anatwanga, anapika kwenye jebena, birika lao la udongo, raundi tatu, na hiyo ni nyumba ya kawaida sio ya tajiri. Hawanunui pakiti ya supamaketi, wananunua buni mbichi sokoni kama sisi tunavyonunua maharage. Siri iko hapo, kazi ya kukaanga imebaki nyumbani. Mfanyabiashara wa nje akija anashindana na mama wa Addis Ababa, na mkulima ana pa kukimbilia.

Kuna aliyesema Mtanzania hana utamaduni wa kahawa. Sikubali. Tuna kijiwe, tuna amwani, tuna kahawa chungu ya pwani, na kiwanda cha kahawa ya kuyeyuka tunacho Bukoba kwa miaka mingi. Kilichokosekana ni buni dukani kwa Mangi. Duka la mtaani utapata mchele kwa robo, sukari kwa robo, mafuta kwa kipimo cha 500, kahawa utapata vile vipakiti vya kijiko kimoja kwa 200 au usipate kabisa. Na vile vipakiti ni ughali uliojificha, mtu anaona 200 ni ndogo, kumbe ndani mna gramu moja na nusu, ukizidisha mpaka gramu 100 ni zaidi ya 13,000 wakati kopo ni 7,500. Mwenye hela kidogo ndio anayelipa bei kubwa. Hili linaniudhi kuliko yote.

Dada wa Maskati ameandika kwamba wao buni na iliki wananunua kwa kilo na kila nyumba ina dele lake, yaani birika la kahawa, asante, umenisaidia kuliko unavyojua. Mdogo wangu wa Minnesota, wewe wa hizo mashine za vidonge vya kahawa, pole sana, kila kidonge kina gramu chache tu za kahawa halafu unanunua na kifuko chake, kama unaweza tafuta buni kwa Wahabeshi wa huko, wako wengi, wanauza mbichi.

*

Jambo moja nalo niwaonye maana limenikuta. Kabla sijaanza kukaanga nilinunua kahawa ya kusaga ya bei poa sana, ya kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni, mahali sipataji. Kuipika, kadri inavyotokota ndivyo inavyokuwa nzito kama uji wa mgonjwa, harufu ya mahindi yaliyoungua. Nikaiacha ipoe kwenye glasi, chini ikaganda ute. Kahawa haina wanga wa kufanya uji, ile ilikuwa imechanganywa na nafaka iliyokaangwa. Kwahiyo anayesema "bora ya bei rahisi ya kusagwa tayari", angalia isije ikawa unanunua mahindi kwa bei ya kahawa. Buni haidanganyi, unaiona kwa macho, unaishika, iliyovunda unainusa.

Na aliyeuliza kuhusu presha ya wazee: robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, mama namuwekea nusu kikombe asubuhi tu, na kabla ya hapo tulimuuliza daktari wake. Kila mtu aulize wa kwake, mimi sio daktari.

Aliyepinga kwa kusema vyama havina uwezo wa kukaanga, mashine ghali, wizi, viongozi wabovu. Kaka, wizi upo na mimi sitetei viongozi wa aina hiyo, ila ukisubiri chama kiwe na malaika ndio kianze, utasubiri mpaka mibuni izeeke. Sizungumzii kiwanda. Nazungumzia mtambo mdogo wa kilo 15 kwa mzigo, mashine ya kusaga, mizani na mifuko ya gramu 50. Au hata wasikaange, watuletee buni safi iliyokobolewa na kuchambuliwa, kwenye mifuko ya nusu kilo yenye jina la chama na kijiji, kazi iliyobaki tutaimaliza wenyewe jikoni. Soko la nje wabaki nalo, daraja la kwanza liende mnadani likatafute dola, hakuna anayewazuia. Lile la pili na la tatu, punje ndogo ndogo ambazo mnunuzi wa nje analipa kidogo, hizo kwenye kaango langu zinalia pa pa vilevile.

Mkuu wa Karagwe amejibu tena kwamba shida yao ni wanunuzi wa butura, wanaokuja na hela ya shida wakati kahawa bado ni maua shambani, mkulima ana mgonjwa au ada, anauza kwa bei ya kutupa. Hii ndio hoja nzito kuliko zote zilizotolewa hapa na mimi sikuiweka kwenye hesabu yangu. Kwa sababu inawezekana hata ile 12,000 yangu ya Kariakoo ndani yake kuna buni za mtu aliyeuza maua. Nimekaa nayo tangu jana usiku. Ningependa kununua moja kwa moja kwa chama, nijue mkulima kalipwa bei ya mnada, hata kama itanifikia kwa 14,000. Nimepiga hesabu, kwa 14,000 kikombe kinakuwa 145 pamoja na gesi, bado niko chini ya kopo na chini ya nusu ya pakiti. Mimi nitalipa hiyo.

Kwahiyo waliopo Mbinga, Mbozi, Rombo, Kigoma, naombeni mweke hapa bei ya buni safi kwa kilo kwenu na kama chama chenu kinaruhusu kuuza kidogo kidogo kwa mtu wa ndani. Jumapili hii nakaanga nusu kilo iliyobaki, mama kaniagiza nisiitoe mapema sana kama ya wiki iliyopita, anaipenda iliyokolea.